Biashara ya vigari vya watoto: Ripoti ya maabara kwanza, bei baadaye

BIASHARA ya vigari vya kusukumia watoto, baiskeli za magurudumu matatu na magari ya kuchezea yanayopandwa na watoto ni miongoni mwa zile zinazomvutia mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo. Bidhaa haiozi, haitegemei msimu mmoja, hukunjwa ikakaa nyingi ndani ya kontena, na watoto huzaliwa kila siku. Muuza duka wa Kariakoo au Mombasa anayeitazama biashara hii kwa macho hayo hakosei.

Hata hivyo, bidhaa hizi zina jambo ambalo halipo katika biashara ya vitenge au sufuria. Mtumiaji wake hajui kusoma maelekezo, hawezi kushuka mwenyewe mambo yakiharibika, na kila tundu analoliona hulitia kidole. Kigari kikijikunja chenyewe barabarani, hasara ya kwanza ni ya mtoto. Hasara ya pili ni ya aliyekiuza.

Ndiyo maana katika nchi zilizotangulia katika biashara hii vigari havikubaliwi kwa macho. Hupimwa kwa mashine, kwa uzito na kwa mteremko, mpaka vingine vivunjike. Mfanyabiashara anayejua vipimo hivyo vinavyofanyika ana silaha ya kujadiliana na kiwanda. Asiyevijua hununua muhuri uliobandikwa kwenye boksi, na muhuri haujawahi kuzuia bawaba kukata kidole.

Kigari hupimwaje

Barani Ulaya kiwango kinachotumika kwa vigari vya kusukuma ni EN 1888. Tangu toleo la mwaka 2018 kimegawanywa sehemu mbili: ya kwanza ni ya vigari vya watoto wasiozidi kilo 15, na ya pili ni ya wale wa zaidi ya kilo 15 hadi kilo 22. Marekani hutumia kiwango cha ASTM F833, ambacho serikali ilikifanya sheria kwa kanuni iliyotolewa mwaka 2014 na kuanza kutumika Septemba 2015. China nayo ina chake, GB 14748.

Namba zinatofautiana, lakini maswali yanayoulizwa maabara yanafanana. Swali la kwanza ni kama kigari kitapinduka. Huwekwa uzito badala ya mtoto, kikasimamishwa juu ya ubao wenye mwinamo wa nyuzi 12, kikielekezwa mbele, nyuma na pembeni. Kigari chepesi chenye magurudumu yaliyo karibu karibu huanguka hapo hapo, na mtihani umekwisha.

Swali la pili ni kama breki inashika. Kigari chenye mzigo hufungwa breki kwenye mteremko, na magurudumu hayatakiwi kuendelea kuzunguka. Mzazi anayefungua pochi kituoni huku kigari kikiwa kando ya barabara ndiye anayefikiriwa katika kipimo hiki.

Swali la tatu linahusu kufuli ya kukunja. Kiwango kinataka kitendo kimoja cha bahati mbaya kisitoshe kukikunja kigari. Lazima pawe na kizuizi cha pili, ili mtoto akivuta kamba au mzazi akigusa kitufe, kigari kisiporomoke na mtoto ndani yake. Katika vigari vya bei ya chini kabisa, kizuizi hicho cha pili ni springi ndogo au kipande cha plastiki, na hapo ndipo kiwanda kinachotaka kubana gharama huanza kupunguza.

Swali la nne ni la uimara. Kigari chenye mzigo hukimbizwa juu ya mashine yenye matuta kwa mwendo wa kilometa 5 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea, na magurudumu hugonga tuta mara 72,000. Mpini nao hukandamizwa na kuinuliwa mara 10,000, kama mzazi anavyofanya kila anapopandisha kigari kwenye ngazi. Baada ya hapo wapimaji hutafuta nyufa, ribiti zilizolegea, magurudumu yaliyopinda na kufuli zisizoshika tena.

Swali la tano ni vidole. Matundu na nafasi zenye upana kati ya milimeta 7 na 12 hutiliwa shaka, kwa sababu kidole cha mtoto huingia na huenda kisitoke. Bawaba zinazojifunga kama mkasi huchunguzwa peke yake. Mkanda wa kumfunga mtoto huvutwa ili kuona kama mshono unashika na kama kifungo kinafunguka bila kutakiwa.

Magari ya kupanda hupimwa zaidi ya sura

Magari ya kuchezea na baiskeli ndogo za magurudumu matatu yako katika kundi jingine, kundi la vitu vya kuchezea. Ulaya huyapima kwa EN 71, Marekani kwa ASTM F963, China kwa GB 6675, na nchi nyingi hufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 8124.

Katika EN 71 gari la mtoto wa chini ya miaka mitatu hubebeshwa kilo 25, na la mtoto wa miaka mitatu au zaidi hubebeshwa kilo 50, kwa dakika tano. Kisha husukumwa likiwa na mzigo huo kwa mwendo wa meta 2 kwa sekunde likagonge kizingiti cha urefu wa milimeta 50. Hurudiwa mara tatu. Likipasuka na kutoa ncha kali, au likikatika mhimili, halifai kuuzwa. Husimamishwa pia kwenye mwinamo wa nyuzi 10 ili kuona kama litapinduka na mtoto aliyelikalia.

Kwa magari yanayoendeshwa kwa betri, maabara huongeza uchunguzi wa umeme: nyaya, fyuzi, chaja, joto la mota inapozuiwa kuzunguka, na kama gari husimama mtoto anapoondoa mguu. Hapa ndipo tofauti ya bei ya viwanda viwili huonekana. Bodi za magari mawili zinaweza kulingana kwa rangi na taa, lakini moja ina fyuzi ya kweli na jingine lina waya uliounganishwa moja kwa moja.

Vipo pia vipimo vya vipande vidogo. Maabara ina kopo dogo la chuma lenye kipenyo cha milimeta 31.7, lililotengenezwa kufuata koo la mtoto mdogo. Kipande chochote kinachong'oka na kuingia chote ndani ya kopo hilo kinaweza kumkaba mtoto. Ili kujua kama kitang'oka, sehemu hiyo huvutwa kwa nguvu ya nyutoni 90, sawa na mtu kuning'iniza mzigo wa kilo 9 hivi.

Mwisho ni rangi. Madini ya risasi katika rangi hudhuru ubongo wa mtoto anayelamba na kutafuna kila kitu. Sheria ya Marekani ya mwaka 2008 ya kuboresha usalama wa bidhaa za walaji iliteremsha kiwango cha risasi kinachoruhusiwa katika rangi hadi sehemu 90 katika milioni. Hakuna jicho la mfanyabiashara linaloweza kuona risasi. Ni maabara pekee.

Waliokuwa wakubwa nao waliumia

Wapo wafanyabiashara wanaosema vipimo hivi ni hofu ya wazungu. Hesabu za makampuni makubwa zinasema vingine.

Mwaka 1965 mhandisi wa ndege wa Uingereza, Owen Maclaren, alibuni kigari kinachokunjwa kama mwavuli. Ubunifu ule ndio uliotoa sura ya vigari vyepesi vinavyouzwa leo duniani kote. Lakini Novemba 2009 kampuni yenye jina lake ilitangaza Marekani kuviita vigari karibu milioni moja vilivyouzwa tangu mwaka 1999. Bawaba za kukunja zilikuwa zimekata ncha za vidole vya watoto 12. Dawa ilikuwa kitu kidogo sana: vifuniko vya kufunika bawaba, vilivyotolewa bure.

Somo la biashara lilikuja baadaye. Vifuniko hivyo mwanzoni vilitangazwa kwa wateja wa Marekani tu, na wazazi wa Uingereza, ambako kigari kilizaliwa, walikuja juu wakiuliza kama vidole vya watoto wao ni vya chuma. Kampuni ililazimika kuwapa nao. Jina lililojengwa kwa zaidi ya miaka 40 lilitikiswa ndani ya siku chache kwa ajili ya kifuniko cha kitambaa.

Mwaka 2014 kampuni ya Graco nayo iliviita vigari karibu milioni 5 katika nchi za Marekani, Canada na Mexico, kwa sababu ile ile ya bawaba na vidole. Kabla ya hapo, mwaka 2010, ilikuwa imeviita vingine takriban milioni 2 baada ya taarifa za watoto wachanga wanne kufa. Mtoto asiyefungwa mkanda aliteleza chini, mwili ukapita kati ya kiti na trei, kichwa kikanasa.

Kwa upande wa magari ya betri, Oktoba 1998 kampuni ya Fisher-Price, iliyokuwa tayari chini ya Mattel, iliyaita magari ya Power Wheels yaliyofikia milioni 10. Kulikuwa na taarifa za moto zipatazo 150, nyaya kuyeyuka, na magari yaliyogoma kusimama. Mwaka 2001 kampuni ilikubali kulipa faini ya dola milioni 1.1 kwa kuchelewa kuiarifu Tume ya Marekani ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, CPSC. Mattel hiyo hiyo mwaka 2007 ilirudisha vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa China kwa sababu ya rangi yenye risasi, na mwaka 2009 ikalipa faini ya dola milioni 2.3.

Makampuni haya yana wahandisi, wanasheria na bima. Yaliumia na yakaendelea. Muuza duka aliyechukua mkopo wa kikundi kuagiza nusu kontena hana kinga hata moja kati ya hizo.

Muhuri usiosema unachodhaniwa

Mwagizaji akifika Guangzhou au Yiwu huonyeshwa boksi lenye herufi CE na kuambiwa kwamba hicho ni kibali cha Ulaya. Maneno hayo yana walakini mara mbili.

Kwanza, CE kwa kitu cha kuchezea ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba amefuata sheria ya Ulaya. Kwa vitu vingi vya kuchezea hakuna afisa wa Ulaya aliyekitazama kitu hicho kabla ya muhuri kubandikwa. Uzito wa CE hutokana na faili la vipimo lililo nyuma yake. Faili likikosekana, herufi hizo ni wino.

Pili, na hili wengi hawalijui, kigari cha kusukumia mtoto si kitu cha kuchezea katika sheria ya Ulaya. Kiko chini ya kanuni ya jumla ya usalama wa bidhaa, na kigari cha kawaida kisicho na umeme hakitakiwi kuwa na alama ya CE. Kigari kilichobandikwa CE kwa mbwembwe kinamwambia mnunuzi mwerevu kwamba aliyekibandika hajui sheria au anajua kwamba mnunuzi haijui. Kinachotakiwa kuulizwa ni ripoti ya EN 1888.

China yenyewe haicheki na jambo hili ndani ya mipaka yake. Tangu Juni 2007 vigari vya watoto na aina kadhaa za vitu vya kuchezea haviuzwi katika soko la nchi hiyo bila cheti cha lazima kiitwacho CCC. Lakini sharti hilo ni la bidhaa zinazouzwa China. Zinazosafirishwa nje hufuata matakwa ya mnunuzi. Mnunuzi asiyetaka chochote hupewa alichokitaka.

Kwa hiyo kiwanda kimoja kinaweza kutoa vigari vya namna tatu vyenye sura moja: kimoja cha Ulaya, kimoja cha soko la ndani, na kimoja cha mteja aliyesema "punguza bei". Tofauti iko katika unene wa bomba, idadi ya ribiti, ubora wa plastiki ya kufuli na uzi wa mkanda. Kwenye picha ya simu vyote vitatu ni ndugu.

Sampuli nzuri, mzigo mbaya

Kenya mwaka 2005 na Tanzania mwaka 2012, kupitia mashirika yao ya viwango KEBS na TBS, zilianza utaratibu wa bidhaa kukaguliwa katika nchi zinakotoka kabla ya kupakiwa. Utaratibu huo ni ngao nzuri. Lakini mkaguzi hutazama karatasi na sampuli. Hawezi kukunja na kukunjua kila kigari kilicho ndani ya kontena.

Udanganyifu unaolalamikiwa sana na waagizaji ni wa sampuli. Kiwanda hupeleka maabara kigari kilichoundwa kwa makini, kinafaulu, ripoti inatoka. Kisha mzigo wa kweli unatengenezwa kwa bomba jembamba zaidi. Ripoti ni ya kweli, mzigo ni wa kweli, ila havihusiani.

Njia ya pili ni ripoti ya jirani. Mwuzaji anatoa karatasi nzuri ya maabara inayojulikana, lakini namba ya modeli iliyoandikwa ni ya kigari kingine, au jina la mwombaji ni la kiwanda kingine, au tarehe ni ya miaka saba iliyopita kabla ya kiwango kubadilishwa. Mwagizaji anaona nembo ya maabara, anaridhika.

Mambo manne yanatosha kuichuja karatasi hiyo. Namba ya modeli na picha vilingane na kigari kinachonunuliwa. Kiwango kiandikwe pamoja na mwaka wake. Maabara iwe imeidhinishwa kwa ISO/IEC 17025, na uidhinishaji huo uwe unahusu vipimo vya vigari au vya vitu vya kuchezea, kwa sababu maabara ya nguo haina ujuzi wa breki. Mwisho, namba ya ripoti ithibitishwe kwa kuiuliza maabara yenyewe. Swali hilo la mwisho hugharimu ujumbe mmoja tu, na ndilo linaloogopwa zaidi na wauzaji wa karatasi bandia.

Hesabu ya hasara

Hoja ya wanaopinga ni ya bei. Wanasema mteja wa kawaida haulizi EN 1888, anauliza shilingi ngapi. Kigari kilichopimwa hupanda bei, jirani asiyepima anauza chini, mwenye kupima anafunga duka. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Lakini inahesabu upande mmoja wa daftari.

Chukua mfano wa mfanyabiashara aliyeagiza vigari 300. Kila kimoja kimemgharimu shilingi 90,000 mpaka dukani, naye anauza shilingi 105,000. Faida kwa kila kimoja ni shilingi 15,000, na mzigo wote ukiisha amepata shilingi milioni 4.5. Sasa vigari 30, yaani kimoja katika kila kumi, vinarudi na magurudumu yaliyong'oka au kufuli isiyoshika, naye anawarudishia wateja fedha zao. Amerudisha shilingi milioni 3.15. Faida iliyobaki ni shilingi milioni 1.35. Asilimia 10 ya mzigo imekula asilimia 70 ya faida. Kikirudi kigari cha 43, faida yote imekwisha na mtaji unaanza kuliwa.

Gharama ya kupima sampuli moja au mbili, ikigawanywa kwa vigari 300, huwa nyongeza ndogo kwa kila kigari. Kwa anayeagiza vigari 40 peke yake ni mzigo mzito. Dawa yake ni kuungana. Wafanyabiashara watano wanaochangia kontena moja tayari wanajua kuchangia nauli ya meli na wakala wa forodha. Wakikubaliana pia kuchukua modeli moja kutoka kiwanda kimoja, wanaweza kuchangia upimaji mmoja na mkaguzi mmoja wa kuchomoa sampuli kutoka katika mzigo uliokwisha kufungwa, badala ya ile iliyopambwa kwa ajili ya maabara. Anayetaka modeli kumi tofauti ili duka lionekane limejaa ndiye anayejifungia njia hiyo.

Malipo nayo ni chombo cha ubora. Sehemu ya fedha ikibaki mpaka mkaguzi atoe ripoti ya mzigo halisi, kiwanda kina sababu ya kutobadili bomba. Ikilipwa yote kwa kuaminiana, sababu hiyo imekwisha.

Mtihani wa dukani

Hakuna kipimo cha dukani kinachoshika nafasi ya maabara. Hata hivyo mfanyabiashara anaweza kugundua mzigo mbovu kabla haujafika kwa mteja, kwa vitu vilivyo karibu naye.

Mfuko wa saruji una kilo 50, uzito ule ule unaotumika kulipima gari la mtoto wa miaka mitatu au zaidi. Mfuko mmoja juu ya kiti kwa dakika tano, kisha mhimili na sakafu ya gari vikaguliwe. Kigari cha kusukuma kiwekewe kilo 15 za mchele, kifungwe breki, kiwekwe kwenye njia yenye mteremko. Kikunjwe na kukunjuliwa mara 50 mfululizo, na kila mara kufuli zote mbili zisikilizwe kama zinaingia. Kidole cha mtu mzima kipitishwe kando ya bawaba wakati kigari kikiwa wazi, kutafuta nafasi inayofunga kama mkasi. Chaja ya gari la betri iachwe kwenye umeme chini ya uangalizi kwa muda wote wa kuchaji, na ishikwe kila baada ya nusu saa.

Vitatu kutoka katika kila fungu vikifanyiwa hivyo, aibu nyingi zitabaki stoo. Kinachoshindwa kitolewe kabisa. Kukichomelea na kukirudisha rafu ni kuahirisha msiba.

Aidha, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Marekani ya mwaka 2008 inataka kila bidhaa ya mtoto iwe na alama ya kudumu inayoonyesha ilikotengenezwa, tarehe na fungu lake. Muuza jumla wa hapa anaweza kufanya hivyo kwa daftari la kawaida: modeli, namba ya fungu, tarehe ya kuingia, na simu ya aliyenunua. Siku bawaba ya fungu moja ikionekana mbovu, ataita vigari 60 badala ya kukaa roho juu kwa ajili ya 600.

Mitumba nayo

Vigari vilivyotumika kutoka Ulaya vina sifa ya uimara, na mara nyingi sifa hiyo ni ya haki. Lakini kigari cha mitumba kina historia isiyoandikwa. Matuta yake 72,000 huenda yalikwisha zamani katika mitaa ya huko. Tena viwango hubadilika. Vile vigari vya Graco vilivyoitwa mwaka 2010 vilitengenezwa kabla ya kiwango cha Marekani cha mwaka 2008 kilichoweka masharti kuhusu nafasi kati ya trei na kiti. Kigari cha zamani kinaweza kuwa na chuma kizuri na ubunifu uliokwisha kukataliwa.

Tangazo la kuita bidhaa nalo halifuati kontena. Mzazi wa Leeds alipata barua na kifuniko cha bawaba. Aliyenunua kigari hicho hicho kutoka lundo la mitumba hapati chochote. Kazi ya kujua imebaki kwa muuzaji. Umoja wa Ulaya hutoa kila wiki orodha ya bidhaa hatari kupitia mfumo wake wa Safety Gate, na CPSC hutangaza zake. Zote husomwa bure kwenye intaneti. Dakika kumi kabla ya kulipia marobota zinatosha kutafuta jina na modeli.

Kwa mwenye kuweka fedha

Mwekezaji mdogo anayeombwa kuchangia mtaji katika biashara ya namna hii huonyeshwa mauzo ya miezi iliyopita. Anapaswa kuomba vitu vitatu zaidi: ripoti ya maabara yenye namba ya modeli, daftari la bidhaa zilizorudi, na akiba iliyotengwa kwa ajili ya marejesho. Biashara isiyo na kimojawapo haijajua faida yake ni kiasi gani, kwa hiyo haiwezi kumgawia mtu.

Wakubwa wa biashara hii wameshalijua. Kampuni ya Goodbaby, iliyoanza mwaka 1989 katika mji wa Kunshan, mkoa wa Jiangsu, ilikua mpaka kuorodheshwa katika soko la hisa la Hong Kong mwaka 2010, na mwaka 2014 ikazinunua Cybex ya Ujerumani na Evenflo ya Marekani. Haiwezekani kuwauzia wazazi wa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi bila kupita kwenye mashine za matuta. Kwa kampuni ya namna hiyo kupima ni sehemu ya kutengeneza, kama kupaka rangi.

Soko la vigari vya watoto litaendelea kukua, na wateja wa mijini wanazidi kuwa wepesi wa kupiga picha kigari kilichovunjika na kuitawanya kwenye simu kabla ya jioni. Mwenye ripoti halisi mkononi na daftari la mafungu mezani ataweza kujibu siku hiyo. Aliyeokoa shilingi elfu mbili kwa kila kigari atakuwa anatafuta namba ya kiwanda ambacho hakipokei simu.